BASTOLA YA BABU WA RAS KITAU
(Somo la kusoma chapa za silaha kuukuu)

Mwaka huu mlezi wa chama alitutaka kila mmoja achague kitu kimoja cha kale kutoka kwao, akichunguze, kisha aandike alichokiona. Wenzangu wameandika juu ya milango ya nakshi, viti vya enzi na majahazi. Mimi nitawaandikia juu ya bastola. Msishtuke! Bastola yenyewe imeshikwa na kutu, haifyatuki, na kwa sasa haiko nyumbani kwetu. Nitaeleza ilikokwenda.

Asiyeijua Ras Kitau, ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na kijiji cha Shela. Ukisimama pwani ya Shela unaiona ng'ambo ya mkondo: mchanga mweupe mbele, miti nyuma. Kuvuka kwa mashua ni mwendo mfupi tu. Huko ndiko anakokaa babu yangu mzaa baba, katika kibanda chake, na mitego yake ya samaki iko nje ya mlango.

Tangu utotoni mwangu, kila sikukuu ya Idi jamaa wakikusanyika, babu husimulia hadithi ile ile. Husimulia Vita vya Shela, vya mwaka 1812 hivi, watu wa Pate na wenzao wa Mombasa, wakati wa akina Mazrui, walipokuja kuipiga Lamu. Yasemekana maji yalikupwa, vyombo vyao vikakwama mchangani, nao wakashindwa vibaya. Akifika hapo, babu huinua mkono na kusema, "Na mbele ya watu wa Lamu alikuwa mzee wetu, na bastola hii mkononi!" Basi sisi watoto hupiga makofi.

Likizo ya Agosti babu aliniita. Nilimwamkia, nikambusu mkono, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu. Mato yangu yamekwisha. Iandike hadithi hii katika gazeti la skuli, nisije nikafa nayo." Nikamjibu, "Inshallah, babu." Sikujua nimejitwika mzigo gani.

1. KWANZA NI USALAMA NA SHERIA

Bastola ilikuwa ndani ya kasha, imefungwa kwa kitambaa kilicholowa sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Nilitaka kuishika pale pale. Ami yangu akanizuia. "Wewe! Waijuaje kuwa haina risasi?"

Ami alisema kweli. Silaha kuukuu huweza kuwa na risasi iliyosahauliwa ndani yake miaka na miaka. Tena nchini Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayomtaka mwenye bunduki au bastola awe na cheti. Usijihukumie mwenyewe kwamba kwa kuwa kitu ni kikongwe basi si silaha. Ukikuta bastola kwenye kasha, darini au mchangani, usiiguse wala usiitembeze. Mwite mtu mzima, naye awaarifu polisi.

Ndivyo tulivyofanya. Ami alipeleka habari, na siku ya tatu akaja afisa mmoja kwa boti. Aliikagua, akatuhakikishia kwamba haina kitu ndani, kisha akasema ataichukua. Babu alinyamaza kimya. Nikamwomba afisa, "Afande, tafadhali, nipe nusu saa tu ninakili chapa zake." Akatazama saa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Haya, kijana. Nusu saa."

2. NAMNA YA KUNAKILI

Mwalimu wetu wa Historia alikuwa amenifundisha mambo matatu kabla sijaondoka shuleni. La kwanza, usisugue kutu kwa msasa wala kwa kisu, maana chapa nyingine ni nyembamba kama ukucha na utaifuta kabla hujaisoma. Pangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo. La pili, weka karatasi nyembamba juu ya chuma, usugue taratibu kwa penseli, na chapa itajichora yenyewe. La tatu, andika kila alama ilipo: juu ya mtutu, ubavuni, au kwenye silinda, yaani kile kipande cha duara kinachobeba risasi. Mahali pa chapa ni nusu ya maana yake.

Nilipata nakala sita. Huku nyuma jamaa walikuwa wamekwisha kugawanyika kama mashabiki wa mpira. Babu: ni ya Vita vya Shela. Ami: ni ya Wajerumani wa Witu, wale waliokuja na akina Denhardt mwaka 1885. Binamu yangu, ambaye Kiingereza chake si haba, alisoma maandishi ya juu ya mtutu, BRITISH BULL DOG, akacheka. "Nyote mmekosea. Hii ni ya Mwingereza. Jina lake hili hapa!"

Sasa tuwapime mmoja mmoja.

3. UMBO LASEMA KABLA YA CHAPA

Kabla hujasoma herufi hata moja, tazama silaha inawashwaje. Kiswahili chetu kina maneno ya kazi hii, na ni aibu kuyasahau. Kuna bunduki ya mrau, inayowashwa kwa utambi wa moto. Kuna ya gumegume, inayopigwa jiwe likatoa cheche. Kuna ya fataki, inayovikwa kijikofia chenye baruti kali kinachogongwa na nyundo. Mwisho ikaja silaha ya risasi kamili, ambamo baruti, fataki na risasi vimo pamoja ndani ya ganda la shaba.

Sasa shika miaka hii. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake ya silinda mwaka 1836, na ile ilikuwa ya fataki. Smith & Wesson, wa huko huko Marekani, walianza kuuza bastola ya silinda inayotumia ganda la chuma mwaka 1857. Bastola ya babu ina silinda yenye vyumba vitano, na kila chumba kimetobolewa kutoka mbele hadi nyuma ili ganda lipenyezwe kwa nyuma. Ni ya risasi kamili.

Hapo moyo wangu ulipiga. Mwaka 1812 bastola ya namna hii haikuwapo Shela, wala London, wala popote duniani. Mzee wetu, kama alipigana siku ile, alishika upanga, mkuki au bunduki ya zamani. Bastola hii hakuishika. Sikusema kitu. Niliendelea kusugua penseli.

4. NAMBA SI MWAKA

Ubavuni mwa kiunzi, chini ya silinda, kulitokea namba 1786. Ami akapiga makofi. "Wacha wee! Mwaka huu hapa! Ni ya zamani hata kuliko vita vyenyewe!"

Huu ni mtego unaowanasa wengi. Viwanda hupiga namba kwenye kila silaha ili itofautishwe na mwenzake, kama namba za vitabu vya maktaba yetu. Utajuaje kwamba si mwaka? Tafuta vipande vingine. Nilipoupangusa upande wa nyuma wa silinda nilikuta tarakimu 86 peke yake. Fundi alizipiga tarakimu hizo za mwisho ili silinda na kiunzi chake visipoteane mezani. Mwaka haugawanywi hivyo. Tena namba ya mfululizo peke yake haikupi tarehe mpaka uwe na daftari la kiwanda kilichoipiga.

5. MANENO HUWEZA KUDANGANYA

Turudi kwa binamu na BRITISH BULL DOG yake. Kampuni ya Webley ya Birmingham, Uingereza, ilitoa bastola fupi ya mfukoni kwa jina hilo mwaka 1872. Ilipendwa sana, na kitu kikipendwa huigwa. Mafundi wa Ubelgiji, na wa Marekani pia, walitengeneza za kwao kwa maelfu na kuandika jina lile lile juu ya mtutu. Kwa hiyo jina hilo lakuambia ni bastola ya namna gani, halikuambii imetoka wapi. Ni kama kofia: si kila aliyevaa kofia ya vito ameishona mwenyewe.

Lililo gumu kudanganya ni chapa ya majaribio. Nchi zenye mafundi wa silaha ziliweka nyumba maalumu za kujaribu mitutu. Mtutu hutiwa baruti nyingi kuliko kawaida, ukafyatuliwa. Ukipasuka, basi. Ukistahimili, hupigwa mhuri. London wana mihuri yao, na Birmingham wana nyumba yao tangu 1813; mihuri yao mingi huwa na taji na herufi. Silaha ya serikali ya Uingereza hupigwa pia alama ya mshale mpana, na ikiuzwa nje ya jeshi hupigwa mishale miwili inayogusana ncha. Niliutafuta mshale juu, chini na ndani ya mpini. Haukuwapo. Mihuri ya Birmingham na ya London pia haikuwapo. Binamu akanywea.

6. YAI, TAJI NA HERUFI R

Kwenye silinda, chini ya sifa iliyoganda, karatasi yangu ilichora umbo la yai. Ndani ya yai mna herufi tatu, ELG, na chini yake nyota. Juu ya yai kuna taji dogo. Kando yake kuna alama ya kijinguzo, na kwenye mtutu kuna herufi R, nayo imevikwa taji.

ELG ndani ya yai ni mhuri wa majaribio wa mji wa Liège, Ubelgiji, mji wa mafundi wa silaha tangu zama za kale. Kijinguzo nacho ni alama ya mji huo huo, ikionyesha kwamba mkaguzi ameupitia mtutu. Kwa hiyo kwa kuzaliwa bastola yetu ni Mbelgiji aliyevaa jina la Kiingereza.

Na mwaka je? Hapa ndipo utamu ulipo. Mhuri wa yai ulitumika muda mrefu bila taji. Taji liliongezwa juu yake mwaka 1893. Herufi R yenye taji ilianza mwaka 1894, na maana yake ni kwamba mtutu una mifuo ndani, ile michirizi ya mzunguko inayoifanya risasi izunguke na kwenda sawa. Aidha, kuanzia mwaka 1922 nyumba ya Liège ilianza kupiga herufi ndogo ya kuonyesha mwaka wa majaribio. Niliitafuta herufi hiyo kwa kioo cha kukuzia mpaka mato yakaniuma. Haipo.

Basi hesabu ni hii. Chapa iliyochelewa kuanza kuliko zote huweka mpaka wa chini: 1894. Chapa ambayo ingetakiwa kuwapo lakini haipo huweka mpaka wa juu: 1921. Ila angalia, mpaka wa chini una nguvu zaidi, kwa sababu chapa iliyopo ipo, lakini isiyoonekana yaweza kuwa imeliwa na kutu. Kwa hiyo nasema kwa yakini kwamba bastola haikujaribiwa kabla ya 1894, na nasema kwa kuelekea kwamba ilijaribiwa kabla ya 1922.

Ami naye akawa ameanguka. Ulinzi wa Wajerumani huko Witu ulikoma mwaka 1890, walipouacha mikononi mwa Waingereza. Taji la 1893 halikuweza kuwa mfukoni mwa mtu wa 1890.

Afisa alisimama, akapangusa suruali. "Nusu saa imekwisha, kijana." Aliiandikia hati, ami akatia sahihi, boti ikaondoka. Babu aliitazama mpaka ikapotea upande wa Lamu.

7. KUMWAMBIA BABU

Wenzangu, kusoma chapa si kazi. Kazi ilikuwa jioni ile. Nilikuwa na karatasi sita mkononi, na mzee wa miaka zaidi ya themanini mbele yangu ambaye ameniomba niandike hadithi yake. Nilifikiri kuiandika kama alivyoisema, nani angejua? Kisha nikafikiri kwamba msomaji mmoja mwenye kujua angetosha kumfanya babu yangu aitwe mwongo, naye si mwongo. Amesema alichoambiwa.

Nikamweleza pole pole, chapa kwa chapa, nikikishika kidole chake na kukipitisha juu ya karatasi. Nilipofika kwenye herufi R alinizuia. "Hiyo R yafanya nini?"

Nikamweleza kwamba tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulikuwa mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, na ndani yake waliweka masharti ya silaha katika Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mwa Ikweta hadi digrii 22 kusini. Lamu imo ndani kabisa. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ziliweza kuuzwa kwa masharti, lakini silaha zenye mifuo, pamoja na risasi za ganda, zilikatazwa, isipokuwa za serikali na za watu wachache wenye ruhusa maalumu. Na R ndiyo mifuo. Kwa hiyo bastola ilipofika pwani yetu, baada ya 1894, ama iliingia kwa ruhusa ama iliingia kwa siri. Chapa haisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Babu alikaa kimya mpaka nikaogopa. Kisha, wallahi, alicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Babu yangu alikuwa nahodha," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto mdogo alipokufa. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba ni ya Vita vya Shela, ya wazee wa wazee. Na kila akisema hivyo alikuwa akitazama mlangoni. Mimi nikidhani ni kwa heshima ya wazee. Kumbe!" Akapangusa macho. "Mtu mwenye kitu kipya cha siri, akiulizwa, atasema nini? Atasema ni kuukuu, ni urithi."

Hayo ni makisio ya babu, na mimi nayaandika kama makisio. Hakuna chapa inayoyathibitisha. Lakini umri wakubali: mtu aliyekuwa kijana mwaka 1900 angeweza kuinunua, na asingeweza kuipokea kutoka kwa mpiganaji wa Shela bila ya miaka themanini na zaidi kuruka kati. Penye wazee haliharibiki neno. Neno la kwanza lilipoanguka, babu mwenyewe aliliokota la pili.

Nikamwuliza, "Sasa niandike ipi, babu?" Akanijibu, "Andika zote mbili. Ile niliyoambiwa, na hii tuliyoiona. Lakini usizichanganye." Ndivyo nilivyofanya.

8. MUHTASARI WA SOMO

(a) Usiiguse silaha mpaka mwenye mamlaka aikague.
(b) Usisugue kutu; nakili kwa karatasi na penseli.
(c) Tazama kwanza inawashwaje: mrau, gumegume, fataki, au risasi kamili.
(d) Usiamini jina lililoandikwa juu ya mtutu kabla ya kuona mhuri wa majaribio.
(e) Namba ya mfululizo si mwaka.
(f) Tarehe ya silaha haiwezi kutangulia chapa yake iliyochelewa kuliko zote.
(g) Chapa huonyesha silaha ilijaribiwa lini na wapi. Nani aliibeba, na kwa nini, hayo waulize watu, uyaandike mbali.

9. ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya bunduki ya mrau, ya gumegume na ya fataki. Mwulize mzee mmoja wa kwenu kama anayajua maneno hayo, na uandike alivyoyaeleza.
2. Bastola ina yai lenye ELG na nyota, lakini juu ya yai hakuna taji. Je, ilijaribiwa kabla au baada ya 1893? Toa sababu.
3. Bastola nyingine ina mshale mpana mmoja na mishale miwili inayogusana ncha. Simulia safari yake kwa sentensi tatu.
4. Chagua kitu kimoja cha kale nyumbani kwenu, kama saa, sarafu, cherehani au sahani ya kaure. Kipindue, tafuta chapa, uandike kinachosema chenyewe na kinachosemwa na watu. Usivichanganye.

Mwisho, babu anawasalimu wote. Anasema atakayepita Ras Kitau asisite kubisha hodi. Bastola haipo tena, lakini hadithi zipo, na sasa ni mbili.

Mwanachama, Kidato cha Tatu